Kwa Baba, Fundi Viatu, Aliyeogopa Kupoa

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kibanda chako cha viatu kifungwe saa nne asubuhi, siku ya kazi, saa ambayo mteja hajawahi kukikuta kimefungwa. Mkeo na wanao tumekaa pamoja tukukumbuke. Kalamu ameshika binti yako wa mwisho. Ameomba ajitaje kama mtu mwingine, maana kwa "mimi" haya hayaandikiki, nasi tumemkubalia.

Uliokoka una miaka kumi na tisa, ukatutoka una sabini. Kila asubuhi, kabla hujagusa sindano wala gundi, ulisoma sura nzima ya Biblia kwa sauti, na mteja aliyewahi angoje amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, kiatu kingine unacho wewe. Wengine walinung'unika. Wengine, tumesikia baadaye, waliwahi makusudi.

Ulikata kipande cha soli ya mpira cha kupigia magoti, lakini suruali zako ziliisha magotini vilevile. Mama alizitia viraka huku akicheka: "Wanaume wenzako suruali zinawatoboka makalioni. Wewe sijui uliumbwa umegeuka!"

Na vita yako na neno "poa", jamani! Ukisalimiwa "mambo?", ulijibu "moto!", mpaka mtaa mzima ukakubatiza Mzee Moto. Binti yako wa mwisho, akiwa na miaka minane, alirudi kutoka shuleni, ukamwuliza habari za huko, akajibu poa. Ukaweka nyundo chini. "Chai ndiyo inayopoa, mama. Mtoto wangu hapoi." Akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Hicho ndicho kitu pekee ulichokiogopa duniani. Ulituambia mtu hapoi kwa siku moja. Anaanza kwa kuchelewa ibada dakika tano, halafu anaimba kwa midomo tu, halafu siku moja anashtuka, ndani hamna kitu. Ndiyo maana waliopotea kanisani uliwapelekea viatu vyao nyumbani wewe mwenyewe, ukasimama mlangoni: "Nimevishona vikakaa sawasawa. Sasa Jumapili vinakwenda wapi?" Wengi walirudi kwa aibu, wakabaki kwa kupenda.

Tuseme kweli tu. Binti yako huyu alikuwa mmoja wa wanaoimba kwa midomo. Tangu aanze kazi kwenye duka la dawa, alikuja ibadani kwa ajili yako, akakaa karibu nawe kwa sababu hapo palikuwa na joto. Ulijua? Hukumwuliza hata siku moja.

Wiki tatu ulilala wodini, kitanda cha dirishani, wapangaji wenzako wakikushikia kibanda. Kwaya ilikuja, ukaimba nao besi yako ileile isiyokaa kwenye noti, wakatoka wanafuta machozi, wanaambiana kwamba mzee bado anawaka. Walipokwisha kuondoka, ilikuwa alasiri, ukamwambia binti yako, "Mwanangu, nimepoa."

Akafurahi! Tusamehe, Baba. Siku nne homa ilikuwa imekataa kushuka, naye mtu wa dawa, hakuwa akingoja habari nyingine. Akakugusa paji la uso, akakimbia mpaka kwenye meza ya manesi: "Nesi, baba amepoa!" Akarudi anacheka. Ukamwacha acheke kwanza. Halafu ukamshika mkono.

"Si mwili."

"Ni nini basi, Baba?"

"Naomba, simsikii. Tangu nilazwe hapa. Naongea peke yangu kama kichaa. Miaka hamsini na moja, mwanangu. Niombee wewe. Mimi nimeishiwa."

Binti yako akafumba macho. Akatafuta neno moja, hata "Ee Bwana" tu. Wapi! Kilichosikika ni kikohozi cha kitanda cha pili na kigari cha dawa kinapita. Akachezesha midomo kwa muda ambao alikisia sala ya kweli ingechukua, kisha akasema, "Amina." Ukaitikia "Amina" kwa sauti, kama ulivyoitikia kanisani siku zote, ukamshukuru. Kesho yake saa nne asubuhi ukaenda zako.

Mwaka mzima amelibeba hilo peke yake. Kanisani wanasema ulivuka ukiwaka, naye anaitikia kwa kichwa. Wiki hii, tulipokaa kuandika tangazo hili, akalitoa lote mezani. Kaka yake, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa, alikuja juu. "Unataka watu wajue baba alikufa amepoa? Futa! Haya si mambo ya gazetini."

Mama ndiye aliyemnyamazisha. "Yaache," alisema. "Na mimi aliniambia, siku mbili kabla ya kumwambia huyu. Nikamwambia, mzee wangu, acha maneno hayo, utavunja watu moyo. Nikamfungulia redio ya nyimbo."

Kaka alikaa. Chai ikaondolewa mezani, kalamu ikabaki kwa dada yake.

Kwa hiyo ndivyo tulivyokufanyia, Baba. Uliwasha watu miaka hamsini na moja, na siku ulipoomba kaa moja tu la moto, mmoja alikupa redio, mwingine akakupa midomo. Hatuna la kujitetea. Hatujui ulipita vipi pale mwisho, kama ulikuta mtu au ulikuta giza, na kila tukijaribu kuliwaza tunakimbilia kazi nyingine. Mama bado anakwenda ibadani ila hakai tena benchi la mbele. Wimbo ukianza, anatoka nje.

Binti yako amejaribu, usidhani hajajaribu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, anapiga magoti robo saa. Haji mtu. Anainuka magoti yanamuuma, anafunga mlango, anakwenda kuuzia watu dawa za kikohozi. Na ile amina yako haimpi raha kabisa. Yeye hakuwa amesema chochote. Uliitikia nini, Baba? Au ulijua kwamba hajasema kitu, ukamstahi?

Wanaokukumbuka ni mkeo. Mwanao wa kwanza, mkewe na watoto wao wanne. Dada yako, aliyekulea. Wapangaji wenzako wa vibanda. Wateja ambao viatu vyao bado viko kwenye rafu, vimeshonwa, havijafuatwa. Na binti yako wa mwisho, aliyeandika.

Nanyi mnaosoma, kama kuna aliyebaki na sala, atuombee. Kukukumbuka, Baba, tutakukumbuka daima. Kuomba ndiko kulikotushinda.