Mama Mkwe Anataka Nikate Miti ya Marehemu Baba

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu na unisamehe mwandiko, maana naandikia juu ya meza ya kazi iliyojaa maranda. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, au kabla sijaacha kulifanya, kwa sababu hata sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo nitakalolijutia.

Mimi ni seremala, nina mke na watoto, na tatizo langu ni mama mkwe. Najua ukifika hapo unatabasamu na kusema haya, yaleyale. Si yaleyale. Mama mkwe wangu hana maneno, hanidharau, hajawahi kuja kwangu kufunua masufuria. Tatizo ni kwamba namstaajabia mpaka naogopa, na sasa ameniomba kitu kimoja tu tangu nimuoe binti yake, na kitu chenyewe sijui nitakitoaje.

Huyu mama, ambaye watu wanamwita Mama Mfereji, ndiye aliyetuletea umeme. Sisemi alichangia, nasema alileta. Kijiji chetu kiko mlimani, nguzo za serikali ziliishia barabarani huko chini, na kila tulipokwenda ofisini kuuliza tuliambiwa tupo kwenye mpango, basi tukazeeka ndani ya mpango. Yeye akasikia redioni kwamba kijito chenye mteremko kinaweza kuzungusha gurudumu na kutoa umeme, akatoka siku hiyohiyo kwenda kukikagua kijito ambacho sote tumekunywa maji yake tangu kuzaliwa bila kukiona. Akakusanya kina mama wenzake, wakatafuta fundi, wakachimba mfereji, wakabeba saruji kichwani, na ilipoonekana kwamba wanaolima kandokando ya kijito wanaporomosha udongo ndani ya maji, mtu wa kwanza kung'oa mboga zake alikuwa yeye, zikiwa zimebakiza kidogo zivunwe, na baada ya hapo nani tena angefungua mdomo?

Siku gurudumu lilipozunguka nilikuwemo ndani ya kibanda cha mashine, kwa sababu mlango wake niliutengeneza mimi. Maji yaliingia kwa kishindo, chuma kikaanza kuvuma, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu, na taa moja juu ya mlango ikawaka, kwanza nyekundu kama inayoona haya, halafu nyeupe. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilitoka nikazunguka nyuma kuangalia maji yanakotokea, nikayaona yanatoka vilevile yalivyoingia, safi, hayajapungua hata tone, yanajiendea zake kama vile hayajafanya kitu. Nililia, mshauri, mtu mzima na ndevu zangu. Fundi amenieleza na nimeitikia kwa kichwa, lakini mpaka leo moyoni nashangaa kwamba kitu kinaweza kutoa kiasi kile kisipungue. Muuguzi wa zahanati aliacha kubana tochi kwa meno akimzalisha mtu, mashine ya kusaga ikaacha kututoa machozi kwa moshi, na mimi nikapata randa ya umeme, nikawa napiga mbao huku nacheka peke yangu.

Sasa ndipo shida inapoanzia. Kule juu, chemchemi ya kijito hicho imo ndani ya shamba letu, na imezungukwa na mikaratusi aliyoipanda marehemu baba kwa mikono yake. Alipewa miche na mabwana misitu wa enzi zile, akaonyeshwa pa kupanda, akapanda, akasifiwa mbele ya watu. Alipokuwa anatuaga aliniita mimi na kaka yangu, akaelekeza kidole dirishani, akasema, "Ile miti ndiyo mimi. Mkiitazama, mnanitazama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri.

Mwaka jana nilikata michache upande mmoja wa chemchemi kwa ajili ya milango ya zahanati, na mama mkwe akaja juu. "Mkwe wangu, sisi tunapita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wasikate miti, halafu wa nyumbani kwangu ndiye anayekata?" Nikaomba radhi nikaweka msumeno chini, tukayamaliza.

Kiangazi cha safari hii kimekuwa kikali. Maji yamepungua, taa zinakuwa nyekundu jua likizama tu, mashine ya kusaga inasimama katikati ya debe la mtu, na muuguzi amerudisha tochi yake menoni. Ndipo mama mkwe alipokuja karakana. Nikampa kiti, akakikalia kwa ncha tu.

"Mkwe wangu, nimekuja kukuomba kitu nisichostahili kukuomba."

"Wewe sema tu, mama."

"Miti ya marehemu. Ile iliyoizunguka chemchemi. Hiyo ndiyo inayotunywea maji."

Nilidhani anatania. "Mama, si wewe uliyenikataza?"

"Ni mimi. Nilikosea. Nilidhani mti ni mti. Napanda kule kila asubuhi, na kote kumekauka isipokuwa upande ule ulioukata wewe. Pale nimekanyaga mguu ukazama kwenye tope. Nilikukaripia na mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nisamehe, mwanangu."

Mshauri, nilitafuta pa kuficha uso. Mtu mzima yule, aliyewahi kuwasimamisha wakubwa wa ofisi wakamsikiliza, ameinama mbele yangu mimi kwenye vumbi la mbao. Nikasema, "Nitafikiria, mama." Akaitikia, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Tangu siku hiyo napita nyuma ya nyumba za watu nisikutane naye. Wenzake walitaka wapande na mapanga wamalize kazi, yeye akawaambia hakuna atakayegusa hata jani mpaka mwenye shamba aseme.

Nimepanda kwenda kuona. Na mimi mguu umezama. Nimempigia simu kaka yangu, yuko mjini, akasema, "Ukigusa miti ya mzee, undugu wetu umekwisha, usinitafute." Mke wangu yeye anasema hasemi kitu, kwa sababu yule ni mama yake na huyu ni baba yangu, lakini jana amekitoa kibatari kabatini, akakipangusa, akakiweka mezani mbele yangu, akaondoka. Nikikata, ninamkata baba yangu na kumpoteza kaka. Nisipokata, lile gurudumu litasimama mikononi mwangu. Nifanye nini?

Mkwe Niliyekwama

*

Mwanangu uliyekwama,

Barua yako nimeisoma, kisha nikarudia pale kwenye maji yanayotoka vilevile yalivyoingia. Kwenye meza hii zimepita barua za mama wakwe wa kila aina: wachawi, wambea, wanaohamia bila kualikwa. Huyu wa kwako ni wa kwanza aliyefanya nitake kufunga safari nikamwamkie. Pole kwa uzito ulioubeba, na ninaiona huzuni yako.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe hukuniandikia kuuliza kama miti ikatwe. Ulipanda mlimani, ukakanyaga, mguu ukazama, jibu unalo kwenye kiatu. Unachoniuliza mimi ni kama unaruhusiwa kukiri kwamba baba yako alikosea. Na nani amekuomba ukiri hivyo? Mama yule hakulitaja jina la baba yako kwa ubaya hata mara moja. Kosa alilolitaja ni la kwake. Unajua ni kitu gani hicho, mwanangu, mtu mzima kumwambia mkwe wake "nilikosea", tena karakanani kwake, bila shahidi, bila kulazimishwa? Mimi nimewaona watu wanaoingia kaburini na neno hilo mdomoni kwa sababu limewashinda kulitema. Yeye amelitema mbele yako, na wewe ukamjibu "nitafikiria" kama karani wa ile ofisi iliyowazeesha kwenye mpango. Hapo umenikasirisha.

Tuje kwa marehemu. Alipanda alichopewa, mahali alipoonyeshwa, na waliomwonyesha walikuwa ndio wajuzi wa siku zile. Hakufanya kosa, alifanya kazi kwa alichokijua, na aliifanya kwa ajili yenu. Alipowaambia miti ile ndiyo yeye, alikuwa amelala kitandani na dirisha lilimwonyesha hiyo. Hakuna dirisha lingemwonyesha mlango wa zahanati. Lakini kila mama mwenye uchungu anayeusukuma mlango ule anasukuma mti wa baba yako, na hilo hukulihuzunikia, kwa sababu wewe ni seremala na unafahamu kwamba mti unaokatwa kwa kazi ya maana haupotei. Kwa hiyo usinililie eti unamkata baba. Baba yako hakai kwenye mizizi inayokausha kijito. Unaye kwenye mikono unayoishikia randa.

Kaka yako nisikuambie umpuuze, shamba ni lenu wote na baba ni wenu wote. Ila acha kubishana naye kwenye simu, simu haina tope. Mwambie aje mwisho wa wiki hii. Akifika usimhutubie. Mpandishe mpaka kwenye chemchemi, avue viatu, akanyage kwanza pale penye miti, halafu akanyage pale ulipokata. Kisha umshushe zahanati akakae na yule muuguzi mpaka giza liingie aone mtu anavyofanya kazi na tochi mdomoni. Akitoka hapo bado anasema undugu umekwisha, mwache aende na hasira zake, zitapoa. Undugu uliojengwa juu ya kuwanyima watoto wa watu mwanga una kasoro, na kasoro hiyo hukuitia wewe.

Kazi yenyewe uifanye kwa akili. Miti iliyo karibu na maji ndiyo iondoke, ile iliyo mbali na chemchemi iache isimame, muitazame na kumkumbuka mzee. Msiikate yote kwa mpigo mkauacha udongo uchi, muulizeni fundi na bwana misitu mwanzie wapi. Mkaratusi unaujua wewe kuliko mimi, ukiuacha kisiki unachipua upya kwa kiburi, basi vichipukizi uviondoe kila vinapotokea mpaka kisiki kichoke. Na pasikae wazi hata msimu mmoja, pandeni mikuyu na miti mingine ya asili inayoelewana na maji. Mbao zitakazotoka, fanya nazo madirisha, madawati, vitanda vya wagonjwa, vitu ambavyo watoto wako watavigusa kila siku na kuambiwa ni vya babu.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. La leo ni moja. Funga karakana mapema, nenda kwa mama mkwe wako, mlangoni kwake, mkeo akiwepo. Mwamkie. Mwombe radhi kwa kumwacha akingoja. Mwambie umeiona sehemu yenye tope na kwamba umekubali, na unamngoja kaka yako tu. Mti wa kwanza uuangushe wewe kwa mkono wako, na shimo la mche wa kwanza achimbe yeye. Msibadilishane.

Ukishamaliza niandikie tena. Usiniulize kitu. Niambie tu maji yamefika wapi.