Karanga za Muchanga wa Jua

Murara, Goma, tarehe 13 Juni 2026

Mama yangu mupendwa,

Leo nitakuambia yote, hata lile ambalo pengine litakukasirisha. Lakini kwanza nakusalimu. Umeamuka namna gani huko Kiwanja? Karanga zinauzika? Na kifua? Sisi kwa mama mudogo Uwizeye tuko wazima. Anakushukuru sana kwa kitenge. Anasema kinamukaa vizuri, ijapokuwa mimi naona kinamubana.

Habari kubwa ni ya masomo. Prof Sikuli, anayetufundisha fizike, alitueleza kwamba katika inchi zenye jua kali mainjinia wanakusanya mwangaza kwa vioo vingi na kuuelekeza juu ya chembe ngumu, ndogo kama muchanga, zikiwa zinaanguka. Chembe zile zinashika joto, zinawekwa ndani ya ghala, na usiku joto linatumika kufanya umeme. Maji yangechemuka na kuwa muvuke, lakini chembe zinavumilia joto kali zaidi. Wenzangu waliandika tu. Mimi nilikuona wewe mbele ya chungu chako, ukigeuza karanga ndani ya muchanga wa moto. Nikanyoosha mukono, nikauliza kama muchanga wa jua unaweza kukaanga karanga.

Darasa lote lilicheka. Rafiki yangu Kahindo akasema Nyiragongo haijatutosha, sasa Umuhoza anataka kutuletea volkano ya pili katika uwanja wa masomo. Prof hakucheka. Aliniambia nijaribu, na Kahindo anisaidie, kwa kuwa ana nguvu nyingi za mudomo.

Tulichukua antene ya zamani ya televizyo, ile yenye umbo la sahani kubwa, tukabandika ndani vipande vya kioo. Muchanga hatukuutafuta mbali, mweusi wa volkano uko kila mahali hapa. Tulitoboa kopo chini, muchanga ukawa unaanguka kama pazia jembamba pale ambapo mwangaza wote unakutana, na sufuria inaupokea. Kisha tunaurudisha juu na kuumwaga tena, tukivaa lunete nyeusi za macho, zile za mafundi wa kuunganisha vyuma.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Hatukuwa tumeuosha muchanga. Vumbi lilipanda, likafunika vioo, na Kahindo akatoka kama mutu aliyelala ndani ya majivu. Tukauosha, tukauanika, tukauchunga. Safari hiyo ulishika joto mpaka tone la maji likaruka juu yake. Tukaumwaga ndani ya sanduku tulilozungushia yale mawe mepesi yenye matundu, ambayo hayapitishi joto upesi.

Alasiri mawingu yakafunika jua, kama kawaida ya hapa. Jioni nikafungua sanduku mbele ya Prof, nikatia karanga. Za kwanza ziliungua, Mama. Nilichelewa kugeuza, na Kahindo akatafuna moja, akauliza kama ni karanga ao makala ya moto. Za pili ziliiva. Mama mudogo aliziuza kule mutaa wa Mapendo pamoja na zako ulizotutumia, na hakuna mununuzi aliyetofautisha. Hatukuwasha hata kipande kimoja cha makala.

Sasa lile nililoahidi. Jirani yako, Mama Mukamugema, alipita hapa mbele ya Pasaka alipoleta maharagi. Alisema unakohoa mpaka unashika ukuta, na kwamba ulimukataza kuniambia ili nisiache masomo. Alisema pia muganga alikuambia uache moshi, nawe ukamujibu kwamba moshi ndio unaolipa masomo ya Umuhoza. Ndiyo sababu nilinyoosha mukono siku ile.

Na liko lingine. Masere Sylvie, yule mutawa mukubwa wa masomo yetu, amekubali antene ibaki katika uwanja wakati wa vakansi, wanafunzi wakiwa nyumbani, ili wamama wanaouza karanga waitumie. Lakini ametaka awepo mutu mwenye kujua kukaanga, atufundishe tusiunguze. Aliuliza kama tunamujua mutu wa namna hiyo. Nilitoa jina lako. Nilisema unakuja, na sikuwa nimekuuliza.

Sitaki kukudanganya. Siku za mvua antene haifanyi kitu, na sanduku moja halitoshi kwa gunia zima. Lakini siku za jua hutavuta moshi. Mama mudogo amekwisha kuhamisha vitu vyangu upande mumoja wa kitanda. Ukikasirika, njoo unikasirikie hapa.

Nisalimie jirani zote, na Mama Mukamugema zaidi. Usimugombeze, mimi ndiye niliyemubembeleza mpaka akasema. Atarudi huku juma lijalo, kwa hiyo umupe jibu aniletee: utakuja na chungu chako, ao tukutafutie kingine?

Mutoto wako anayekupenda,

Umuhoza