Kompyuta Mbili, Ugonjwa Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Kiti hakijapata hata joto – dirisha jekundu limejaa skrini nzima! "HATARI! Kompyuta yako ina makosa 417. Pakua kisafishaji sasa." Nikalifunga. Likarudi, safari hii na king'ora. Kina mama kwenye benchi wote wakanigeukia. Sikubonyeza kitu. Miezi minane nimeingiza kadi za wajawazito wa kliniki hii, kadi 1,906, kwa vidole hivi hivi. Makaratasi tulishayachoma. Leo nizikabidhi kwa king'ora?

Jumanne, 4 Juni

Fundi wa kompyuta kaja. Hata hakukaa. Eti kila kitu kifutwe, tuanze upya. Na kadi zangu? Eti pole dada, hakuna njia nyingine. Daktari Mkuu kaafiki: keshokutwa asubuhi. Nakala hatuna, diski tunaahidiwa tangu mwaka jana. Nimefika nyumbani mume wangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Jumatano, 5 Juni

Nimekataa kulia. Nikapita chumba cha dawa kwa Mzee Vidonge – ndivyo tunavyomwita mfamasia wetu – na kwake dirisha jekundu! Makosa 417. Yale yale, halijazidi wala kupungua hata moja!

Nikaduwaa. Mimi si fundi, lakini nimekaa kliniki miaka kumi na tisa. Wagonjwa wawili wakiwa na joto lile lile mpaka desimali, kutwa nzima, mbovu ni kipimajoto. Nikarudi mezani kwangu, nikachomoa waya wa intaneti, nikazima, nikawasha. 417! Hakuna kinachohesabiwa pale. Ni picha ya kutishia watu tu!

Nikafungua orodha ya programu, nikaipanga kwa tarehe. Juu kabisa, ile kalenda ya bure yenye maua. Na dude jingine liliingia nayo dakika ile ile, jina halitamkiki. Nikaondoa zote mbili. Nikawasha. Kimya. Kadi 1,906, zote zipo! Nikaenda kuondoa na za Mzee. Jamani, mimi! Mimi Bibi Faili, kama wanavyoniita!

Alhamisi, 6 Juni

Fundi kaja na begi lake, kaondoka nalo. Daktari Mkuu kanipigia makofi mbele ya wafanyakazi wote. Eti fundi aje nimfundishe kazi! Nilivimba kichwa, naandika bila aibu.

Kisha akauliza kalenda ile ililetwa na nani. Niliipakua mimi, mwezi wa tano, kwa kupenda maua. Na Mzee nikamwekea mimi, wala hakuomba. Mzee akanitazama mara moja. "Ni mimi, Daktari. Uzee huu." Watu wakacheka.

Ijumaa, 7 Juni

Daktari kaniagiza nichape barua ya onyo. Ya Mzee Vidonge! Kabakiza miezi mitatu astaafu, na faili lake halina doa. Najua, nalitunza mimi.

Nimemfuata chumba cha dawa. "Yaache, mwanangu. Makofi yale uliyatolea jasho. Mimi naondoka." Akaendelea kuhesabu vidonge vyake.

Barua imekamilika. Safi, haina kosa, kama kazi zangu zote. Imebaki nafasi ya jina. Nimechapa langu. Nimelifuta. Nimelichapa tena. Viatu vya Daktari hivyo vinakuja kwenye korido –