Kulizunguka Bwawa Bila Ng'ombe

Mama Rehema wangu,

Ukungu wa Dindira unawafunika bado? Huku Handeni jua linachoma tangu asubuhi. Leo saruji haijafika, ujenzi umesimama, basi nikalizunguka bwawa lote kwa miguu, maana ukiwa upande wa pili milima ya kwetu inaonekana kwa mbali.

Kila niliyekutana naye aliniuliza kama nimepotelewa na ng'ombe! Huku mtu halizunguki bwawa kutwa nzima bure. Nilichoka kukataa, nikaitikia. Wafugaji wawili wakauliza rangi yake, nikasema mwekundu. Wakaingia porini kumtafuta.

Niliporudi nilikoanzia, bibi mmoja aliyekuwa anachota maji akauliza kama ng'ombe amepatikana. Nikaona aibu.

"Shikamoo bibi. Sina ng'ombe. Nilikuwa naitazama milima ile, mke wangu yuko kule."

Akatua dumu lake. "Na wale watoto wa watu wanahangaika porini! Kumbe aliyepotea ni wewe, baba."

Nimewafuata, nimewaomba radhi. Mpakate Rehema kwa niaba yangu. Nakuja, saruji ifike isifike. Huenda nikaitangulia kadi hii.

Baba Rehema