Picha Yenye Kichwa Chini

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Bukavu tuko, ila magoti yangu imechoka. Tonton yako alirudi toka Katana, anakusalimia.

Unauliza sababu gani ile picha ya tone la maji iko kichwa chini ukutani. Wageni wote wanataka kuigeuza, nimechoka kuwakataza.

Wakati wa Zaïre nilikuwa mupiga-picha. Asubuhi maman yangu alisafiri Shabunda, mvua ilikuwa imekatika, na filme ilibakia pozi moja. Akasimama nyuma ya mugomba: "Unipige."

"Ukirudi, maman."

Nikapiga tone lililoninginia kwenye jani.

Hakurudi. Niliposafisha picha, nilimukuta ndani ya tone, muzima na pagne yake, miguu juu, maana tone linapindua vitu.

Siku sitakuwako, musiigeuze. Mumuache asimame.

Koko yako