Salamu Zilizosogeza Rangi za Nyota

Mama yangu wa Nachingwea, shikamoo!

Huku theluji imenifika magotini. Darubini yetu ni ndogo, kioo chake hakizidi ungo wako wa kupepetea ufuta. Chombo tunachoitengenezea kinapepeta mwanga wa nyota, kinatenga rangi zake. Sayari tusiyoiona ikiivuta nyota, rangi husogea kidogo mno, nasi tunajua ipo.

Jana niliharibu. Bi Helga, aliyekibuni, aliingia mara moja chumbani mwa chombo kusoma kipimajoto. Nikamfuata, nikamshikilia kwa salamu: nyumbani, watoto, hata shamba, kama ulivyonilea. Joto la miili yetu likasogeza rangi, na majaribio ya siku tatu yakapotea. Hakufoka. Alichukua penseli akachora ukuta wa pili kukizunguka chombo, akasema, "Lazima kimvumilie hata mtu anayesalimia." Mama, yule ni fundi haswa!

Nisalimie wajomba wa Mandawa, na Mungu awajalie ufuta mwingi. Huku huonekani, mama, lakini kila nikisalimia kupita kiasi, wenzangu wanajua upo.

Mwanao,
Saidi