Samaki wa Rambirambi

Kaka Lazaro,

Kwa niaba ya familia nzima, iliyoko Dodoma na iliyoko Mvumi, napenda kukutangazia rasmi kwamba beseni kubwa la bluu limeachishwa kazi ya kufulia. Limeitumikia nyumba hii kwa uaminifu, na sasa limepangiwa majukumu mengine uani, chini ya turubai. Mama ameafiki. Nguo tunafulia kwenye ndoo, moja moja.

Nieleze sababu, maana ungekuwepo ungeuliza.

Unajua watu walivyo kwenye msiba. Wengi walileta mchele na unga. Binamu Saimoni yeye alishuka kwenye treni kutoka Dar na mfuko wa nailoni wenye samaki wawili wa mapambo, wekundu, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Kesho yake Shangazi Nyemo akafika kutoka Mvumi na kidumu cha mafuta kilichokatwa juu. Ndani mlikuwa na samaki watano wadogo wenye mikia ya rangirangi kama vitenge, wale wanaowekwa kwenye matangi ya maji ili wale viluwiluwi vya mbu. "Lazaro alipenda samaki," akasema, na macho yake yakaanza kulitafuta tangi lako la kioo.

Nilisimama mlangoni pa sebule kama mlinzi wa benki.

Ndani ya tangi yumo Diwani peke yake, na wewe unajua kwa nini yuko peke yake. Ulinunua samaki sita mnadani, ukawamimina humo pamoja na maji yao, ukasema, "Mgeni haachwi nje." Wiki haikupita, samaki wote wakawa na madoa meupe kama waliomwagiwa chumvi, wanajisugua kwenye mawe. Uliwazika chini ya mpapai, mmoja mmoja, na siku hiyo ulikataa chai. Akabaki Diwani, uliyempa jina hilo kwa kuwa anafungua mdomo kutwa nzima na hakuna neno linalotoka. Tangu hapo ukabadilika. Ukawa unaniambia, "Samaki mgonjwa hakohoi, Wendo. Utamjua kwa kumtazama, na kumtazama kunataka siku."

Wiki ya kwanza baada ya kukuzika, Mama hakusema na mtu. Salamu aliitikia kwa kichwa. Lakini kila asubuhi alivuta kigoda mbele ya tangi, akamuuliza Diwani ameamkaje, akamtupia chakula, na hapo ndipo alipokubali kunywa uji. Nikajua kwamba samaki huyu akifa, uji nao umekwisha. Sikuwa na nguvu za kuzika mara ya pili. Bado sina.

Sasa, utamwambiaje Shangazi Nyemo kwamba rambirambi yake huenda ina ugonjwa? Nilipowamimina samaki wake kwenye beseni uani, na wale wa Saimoni kwenye ndoo upande wa pili, alishika kiuno. Kisha akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Kumbe sisi wa Mvumi tunapokelewa uani." Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaacha kuchambua.

Kuwahubiria wafiwa habari za vijidudu ni kupoteza pumzi. Nikamwambia, "Shangazi, hawa nao wamefiwa. Wanakaa matanga. Arobaini ikifika wataingia ndani."

Akanitazama. Akalitazama beseni. Akavua khanga yake ya juu na kulifunika upande mmoja, wapate kivuli.

Kuanzia hapo karantini yako ikapata msimamizi. Saimoni alipotaka kuwaingiza wa kwake kabla hajarudi Dar, Shangazi alimuuliza, "Hivi wewe, huko pwani ndiko walikokufundisha kukatiza matanga?" Saimoni akarudisha mfuniko wa ndoo.

Mimi nilifuata ulivyonifundisha. Diwani anakula kwanza, wa uani baadaye, kisha mikono kwa sabuni na kuisuuza mpaka harufu iishe. Kila chombo na wavu wake. Wavu wa ndoo niliufunga uzi mwekundu usije ukapotea njia. Maji ya bomba yalilala wazi siku nzima kabla ya kutumika. Kisha nikakaa kutazama. Niliazima miwani yako, ile uliyoiacha juu ya mfuniko wa tangi. Haikubaliani na macho yangu hata kidogo. Nilishindwa kuifungia kabatini, basi nikaona afadhali iwe na kazi.

Siku ya kumi, mmoja wa wale wa Dar alikuwa na chembe nyeupe mkiani. Jioni mwenzake naye. Kaka, najua si vizuri kufurahia ugonjwa wa kiumbe, lakini nilikaa chini na kucheka peke yangu, maana chembe zile zilikuwa ndani ya ndoo. Hazikuwa sebuleni. Nikabadilisha maji kila siku, nikaweka chumvi. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi yake, lakini hiyo ni ya kuharibu birika tu. Mmoja alikufa. Mwingine akapona, nikamwanzishia siku upya, kwa hiyo arobaini ilimkuta bado yuko uani. Shangazi aliwaeleza wageni kwamba huyo alikuwa karibu zaidi na marehemu.

Diwani hakupata hata doa moja. Na katikati ya siku zile, asubuhi moja, Mama alionja uji akaniambia, "Sukari umeitupa wapi?" Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu tangu uondoke. Nilikwenda jikoni nikakaa huko muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Baada ya sala ya arobaini Shangazi alibeba beseni mwenyewe mpaka sebuleni. Nikawavua watano wale kwa wavu, bila tone la maji yao. Wiki mbili zimepita na wote wana mapezi wazi na hamu ya chakula. Nasema bila kujitapa, ingawa kidogo najitapa: ugonjwa haukuvuka mlango.

Lala salama, Kaka. Mimi Wendo, mdogo wako, nakuahidi kwamba hakuna samaki atakayeingia kwenye maji yako kabla ya kumaliza siku zake nje, hata akiletwa na askofu. Na Mama nitaendelea kumtazama hivyo hivyo, taratibu, bila kumuuliza maswali.

Samaki wa Shangazi sasa ni wanne. Wa tano Diwani alimla jana mchana.